Amekuja kutibiwa maumivu au kutibiwa ugonjwa?

"Maumivu ya kiuno, hali ni ile ile, aendelee na dawa."

Maneno kumi, na kwenye kliniki za maumivu hii si rekodi ya ajabu. Daktari aliyeiandika anamjua mgonjwa wake fika: diski imechomoza kati ya pingili za kiuno za L4 na L5, neva imebanwa upande wa kushoto, wiki sita za tiba ya viungo hazikuzaa kitu, oksikodoni, dawa kali ya maumivu ya jamii ya opioidi, inaingia mwezi wa kumi na nne, na sindano ya steroidi imepangwa juma lijalo. Vyote hivyo vimo kichwani mwake. Msimbaji, anayegeuza maneno ya daktari kuwa misimbo ya dai, hakuwapo chumbani. Anaona maneno kumi tu, na kutokana nayo anatoa M54.50, maumivu ya kiuno yasiyobainishwa. Hajakosea. Amesimba kilichoandikwa.

Mfumo ninaouzungumzia ni ICD-10-CM, orodha ya Marekani ya misimbo ya utambuzi, uliotumika huko kuanzia tarehe 1 Oktoba 2015 na ambao hubadilishwa kila Oktoba, mara nyingine na Aprili. Nasema "msimbo" kila mahali. Najua wengi kazini husema "kodi", lakini neno hilo nimewaachia watu wa mapato.

Katika idara nyingine za hospitali, maumivu ni dalili inayokupeleka kwenye ugonjwa, na ukishaupata ugonjwa unasimba ugonjwa, basi. Kliniki ya maumivu imegeuza mambo. Hapa mgonjwa anaweza kuwa na ugonjwa unaojulikana miaka mingi, una jina na picha ya MRI, na bado siku hiyo hakuna anayeutibu. Kinachotibiwa ni maumivu yenyewe. Kwa hiyo kabla ya kugusa msimbo wowote lazima ujibu swali moja: leo amekuja kudhibitiwa maumivu, au amekuja kutibiwa kinachoyaleta? Mpangilio mzima wa misimbo unafuata jibu hilo, na rekodi isiyolijibu ni rekodi mbovu hata ikiwa na kurasa tano.

G89 na masharti yake

Misimbo ya maumivu yaliyotajwa aina yake imo katika kundi la G89. G89.11 ni maumivu mapya yatokanayo na jeraha, na G89.21 ni hayo hayo yakishakuwa sugu. G89.18 na G89.28 ni ya baada ya upasuaji, mapya na sugu. G89.12 na G89.22 yametengewa upasuaji wa kufungua kifua. G89.29 ni maumivu sugu mengineyo, G89.3 ni ya saratani, G89.4 ni sindromu ya maumivu sugu, na G89.0 ni maumivu yatokanayo na mfumo mkuu wa neva.

Sharti la kwanza ni kwamba aina itajwe. Kama daktari hakuandika kuwa maumivu ni mapya, sugu, ya baada ya upasuaji au ya saratani, G89 haigusiki, unabaki na msimbo wa mahali panapouma. Hapa Kiswahili chetu kina mtego wake. Tumezoea kusema "maumivu makali" kwa maana mbili tofauti: yanayouma sana, na yaliyoanza karibuni. G89 haina haja na ukali. Maumivu ya 9 kwa 10 yaliyodumu miaka minne ni sugu, na maumivu ya 2 kwa 10 yaliyoanza juzi ni mapya. Ukisoma maelezo au ukitafsiri maneno ya mgonjwa, usiruhusu "makali" ikuchagulie msimbo.

Na sugu ni tangu lini? Mwongozo rasmi wa ICD-10-CM umekataa kuweka muda. Unasema neno la daktari ndilo la kufuatwa. Medicare, bima ya serikali ya Marekani kwa wazee, kwa huduma yake ya kila mwezi ya maumivu sugu (misimbo G3002 na G3003, iliyoanza Januari 2023) inahesabu zaidi ya miezi mitatu, na ICD-11 ya Shirika la Afya Duniani nayo, chini ya MG30, inahesabu vivyo hivyo. Lakini msimbaji wa ICD-10-CM haruhusiwi kuhesabu miezi kwenye kalenda kisha aandike "sugu" kwa niaba ya daktari. "Kiuno kinamuuma tangu mwaka juzi" bado si G89.29. Inaudhi, lakini ndivyo ilivyo, na dawa yake ni daktari kuongeza neno moja.

Sharti la pili ndilo linalokosewa zaidi. Ugonjwa unaosababisha maumivu ukishajulikana, G89 haiandikwi, isipokuwa sababu ya hudhurio ni kudhibiti maumivu. Chukua mgonjwa wetu wa L4-L5. Akija kwa daktari wa upasuaji kuondolewa kipande cha diski, msimbo ni M51.16, ugonjwa wa diski ya kiuno ulioambatana na kubanwa kwa shina la neva, na G89 haimo kabisa. Akija kliniki ya maumivu kuchomwa steroidi kwenye uti wa mgongo ili maumivu yatulie, G89.29 inatangulia na M51.16 inafuata. Mgonjwa yule yule, diski ile ile, picha ile ile. Kilichobadilika ni nia ya siku hiyo. Vivyo hivyo kwa kifaa cha kusisimua neva: kikipandikizwa kwa ajili ya kudhibiti maumivu, maumivu yanatangulia. Kuunganisha pingili au kujaza saruji kwenye pingili iliyovunjika ni kutibu chanzo, kwa hiyo chanzo peke yake.

Kuna na hali ya tatu, ambapo chanzo hakijulikani bado na mgonjwa hakuja kudhibitiwa maumivu bali kuchunguzwa. Hapo mahali panatangulia, aina inafuata: M54.2 kwa shingo, kisha G89.11 kama ni jeraha la karibuni. Angekuja kudhibitiwa maumivu, ungeyageuza.

Sasa upande wa mlipaji, yaani bima. Walipaji wana orodha zao za utambuzi unaohalalisha kila sindano, na mara nyingi G89 ikisimama peke yake haitoshi. Fomu ya madai, CMS-1500, ina nafasi kumi na mbili za utambuzi, A hadi L, na kila mstari wa huduma unaruhusiwa kuelekezwa kwenye herufi nne. Ukiacha mstari wa sindano uelekee kwenye A tu, yaani G89.29, na M51.16 imekaa kwenye B bila kuelekezwa na chochote, usishangae dai likirudi. Elekeza kwenye zote mbili. Wapo wanaolikwepa tatizo hili kwa kuipindua orodha, ugonjwa juu na maumivu chini, kwa sababu "ndivyo inavyolipwa". Mimi siungi mkono. Mpangilio ni kauli kuhusu kilichomleta mgonjwa, na mkaguzi akifungua rekodi atakuta hadithi nyingine.

Sindromu ya maumivu sugu, G89.4, inastahili onyo lake. Mwongozo unasema wazi kwamba si sawa na maumivu sugu. Ni utambuzi unaotolewa na daktari kwa jina lake, kwa kawaida kwa mtu ambaye maumivu yameshavuruga usingizi, hisia, kazi na mahusiano yake. Programu nyingi za kliniki, ukiandika "sugu" kwenye kisanduku cha kutafutia, huileta juu kabisa, na kidole kinabonyeza. Ukikuta kliniki ambayo kila mgonjwa wake ana G89.4, hujakuta kliniki ya wagonjwa wazito, umekuta orodha ya mkato.

Kwenye saratani mambo ni mepesi zaidi. G89.3 inabeba yote, mapya na sugu, huna haja ya kuongeza G89.29. Mwenye saratani iliyosambaa kwenye mifupa akija kurekebishiwa mofini, G89.3 kwanza, C79.51 inafuata. Akija kwa ajili ya uvimbe wenyewe na maumivu yakatajwa, saratani inatangulia.

Baada ya upasuaji, maumivu yanayotarajiwa hayasimbwi. Mshono unauma, na hiyo ni kawaida. G89.18 inakuja pale daktari anapoandika kwamba maumivu yamepita kawaida ya upasuaji ule. Kama ni skrubu au bamba la mfupa ndilo linalouma, T84.84XA inatangulia kwa kuwa hayo ni madhara ya kifaa, kisha G89.18 au G89.28 ikitaja aina. Na maumivu ya mgongo yanayobaki baada ya upasuaji wa pingili yana msimbo wake, M96.1, mradi daktari ayataje kwa jina.

Kiuno kimegawanywa vipande

Kwa miaka, M54.5 ilikuwa msimbo wa kiuno wa kila mtu. Tarehe 1 Oktoba 2021 ikafutwa kama msimbo kamili na kugawanywa: M54.50 yasiyobainishwa, M54.51 yatokanayo na pingili yenyewe, M54.59 mengineyo. Ile ya kati si ya kubahatisha. Inahusu maumivu ya bamba la juu au la chini la pingili, ambayo daktari huyafikia akiwa na MRI yenye mabadiliko ya Modic (ya mfupa ulio karibu na diski) ya aina ya 1 au 2, na ndiyo inayohalalisha kuunguza neva ya ndani ya pingili. Tarehe 1 Oktoba 2024 ikawa zamu ya M51.36, kuchakaa kwa diski ya kiuno: M51.360 ikiwa kuna maumivu ya mgongo tu, M51.361 ya mguu tu, M51.362 ya vyote viwili, na M51.369 ikiwa hakuna kilichotajwa. Kwa hiyo siku hizi "diski imechakaa" haitoshi. Lazima iandikwe inauma wapi.

Misimbo iliyofutwa hufa kwenye kitabu lakini huendelea kuishi kwenye orodha za vipenzi za daktari ndani ya kompyuta. Wiki ya kwanza ya kila Oktoba, kazi yenye faida kuliko zote ni kupitia orodha hizo na kuondoa misimbo mifupi. M54.5 ikitoka nje leo inakataliwa na mashine kabla hata binadamu hajaiona.

Halafu kuna vikatazo. ICD-10-CM ina vya aina mbili, na vya aina ya kwanza vinasema vitu hivi viwili haviandikwi pamoja kwa hali moja. M54.5- (kistari ni kwa misimbo yote ya familia hiyo) haikai na M54.4- (kiuno pamoja na siatika, maumivu yanayoshuka mguuni), kwa sababu ya pili imeshaimeza ya kwanza. M54.4- nayo haikai na M51.1-, kwa sababu siatika itokanayo na diski imeshasemwa na diski. Mgonjwa wetu, basi, hapati M51.16 pamoja na M54.42. Watu huziweka zote wakidhani wanaongeza uzito wa dai, kumbe wanaonyesha kwamba hawakusoma maandishi madogo.

Upande usiotajwa ni ugonjwa mwingine sugu. Goti la kulia ni M25.561, la kushoto M25.562, na M25.569 ni goti ambalo inaonekana hakuna aliyelitazama. Sindano imechomwa goti la kulia, dai linasema goti lisilojulikana. Mlipaji afanyeje? Na ukiwa na utambuzi, kwa mfano M17.11, kusagika kwa goti la kulia kusikotokana na jeraha, basi msimbo wa maumivu ya goti unaondoka.

Jeraha lina alama ya saba. A, D, S. Wengi hudhani A ni hudhurio la kwanza. Siyo. A ni wakati matibabu ya jeraha lenyewe yanaendelea, hata likiwa hudhurio la nne kwa daktari wa tatu. D ni wakati linapona na linafuatiliwa. S ni kilichobaki baada ya jeraha kwisha. Mtu aliyeteguka misuli ya kiuno miaka mitatu iliyopita na bado anaumwa hana S39.012A. Ana G89.21, mahali panapouma, na S39.012S mwishoni kuonyesha lilikotoka.

Sindano: hesabu na ushahidi

Viungo vidogo vya nyuma ya pingili, viungo vya faseti, ndivyo vinavyotoa makosa mengi ya hesabu. Kila kiungo kinapata hisia kutoka neva mbili. Kiungo cha L4-L5 kinahudumiwa na matawi ya L3 na L4; kile cha L5-S1 na matawi ya L4 na L5. Daktari akipiga ganzi L3, L4 na L5 upande mmoja, ametumia sindano tatu, amegusa neva tatu, lakini amehudumia viungo viwili. Dai ni 64493 (huu ni msimbo wa huduma, si wa utambuzi) kwa kiungo cha kwanza na 64494 kwa cha pili. Msimbo wa tatu, 64495, hauna pa kukaa. Kuunguza neva kwa mawimbi ya redio, 64635 na 64636, kunahesabiwa hivyo hivyo, kwa viungo. Kwenye vifundo vya misuli kinachohesabiwa ni misuli: sindano tano ndani ya msuli mmoja ni 20552, na 20553 inaanzia misuli mitatu.

Utambuzi wa faseti nao una kitanzi. M47.816 inasema kuchakaa kwa pingili za kiuno bila kubanwa kwa uti wala shina la neva. Neno "bila" limo ndani ya msimbo. Ukiweka M54.16, kubanwa kwa shina la neva ya kiuno, kwenye dai hilo hilo, umesema kubanwa hakupo na kupo. Zaidi ya hapo, masharti ya Medicare kwa sindano za faseti yanataka maumivu yawe hasa ya mgongoni na kusiwe na neva iliyobanwa ambayo haijatibiwa, kwa hiyo umejikatalia dai mwenyewe. Kama pingili zilizochakaa ndizo zinazobana neva, msimbo ni M47.26 na matibabu yanayofikiriwa ni mengine.

Kabla ya kuunguza neva, masharti hayo yanataka ganzi mbili za majaribio, kila moja ikipunguza maumivu kwa asilimia 80 au zaidi, kwa muda unaolingana na dawa iliyotumika. Hapa rekodi nyingi huanguka kwa neno "nafuu". "Alipata nafuu kubwa" si namba. Kutoka 8 hadi 1 ni asilimia 87.5, inapita. Kutoka 8 hadi 2 ni asilimia 75, haipiti, hata kama mgonjwa alitoka akicheka. Namba mbili ziandikwe, kabla na baada, pamoja na saa: ilianza saa ngapi, ikaisha saa ngapi, na ilikuwa lidokaini au bupivakaini. Mgonjwa apewe karatasi aende nayo nyumbani ajaze kila saa. Ukimuuliza wiki tatu baadaye atakupa hisia.

Hudhurio na sindano siku moja: kiambishi 25, alama inayoongezwa kwenye msimbo wa hudhurio, kinadai kuwa kulikuwa na kazi ya pekee, inayojitegemea, mbali na maandalizi ya kawaida ya sindano. Sindano iliyopangwa mwezi uliopita, mgonjwa akaja, akaulizwa hali, akachomwa, haina hudhurio la kudai. Akija kwa sindano ya kiuno na kumbe shingo nayo imeanza kumuuma, ikachunguzwa na kupangiwa dawa, hapo lipo. Liandikwe katika aya yake.

Opioidi, na neno linalomfuata mtu

Mgonjwa anayetumia opioidi kwa muda mrefu kama alivyoandikiwa ni Z79.891. Mwenye uraibu au utegemezi uliotambuliwa ni F11.20. Kati ya misimbo hii miwili kuna shimo, na wagonjwa wengi husukumwa ndani yake kwa uzembe wa lugha. Daktari anaandika "anategemea oksikodoni" akimaanisha mwili umeizoea na haiwezi kukatwa ghafla. Mfumo unasoma "utegemezi wa opioidi" na kutoa F11.20, msimbo wa tatizo la akili na tabia, utakaomfuata mtu huyo kwenye bima na katika kila hospitali atakayoingia. DSM-5, mwongozo wa Marekani wa utambuzi wa magonjwa ya akili, imelisema hili waziwazi: kuzoea dozi na kuugua dawa inapokatwa havihesabiwi kama dalili za uraibu kwa mtu anayeitumia chini ya uangalizi wa daktari. Andika "matumizi ya muda mrefu kama ilivyoelekezwa, hakuna dalili ya matumizi mabaya", na msimbaji hatakuwa na mahali pa kuteleza. Kama uraibu upo, utajwe na uzito wake utajwe. Kuuficha nako ni kumwonea mgonjwa.

Madhara ya dawa husahaulika. Choo kigumu kutokana na opioidi ni misimbo miwili, K59.03 kisha T40.2X5A, dhara kwanza na dawa baadaye. Daktari aandike "kutokana na". Vikikaa aya tofauti, kila kimoja peke yake, msimbaji hana ruhusa ya kuviunganisha.

Dozi ya siku iandikwe kwa kipimo cha mofini, MME, na hesabu yake ionekane. Oksikodoni mg 10 mara nne ni mg 40, mara 1.5, sawa na 60. Ongeza tramadoli mg 50 mara mbili, mg 100 mara 0.2, sawa na 20. Jumla 80. Kikokotoo cha zamani kitakupa 70, kwa kuwa kabla ya mwongozo wa 2022 wa CDC, kituo cha Marekani cha kudhibiti magonjwa, tramadoli ilizidishwa kwa 0.1. Tofauti si ya mapambo: kuanzia 50 kwenda juu mwongozo huo unataka faida na hatari zipimwe upya kwa makini na mgonjwa apewe naloksoni, dawa ya kuokoa aliyezidisha opioidi, na mkaguzi atatafuta mahali ulipoandika kuwa umefanya hivyo.

Kipimo cha mkojo pia kinahitaji sentensi mbili: kwa nini kiliagizwa kwa mgonjwa huyu, na jibu lilibadilisha nini. Anayesoma jibu ajue pia kwamba hidrokodoni huvunjwa mwilini na kutoa hidromofoni, kwa hiyo hidromofoni kwenye mkojo wa mtu wa hidrokodoni si ushahidi wa dawa ya magendo. Watu wamefukuzwa kliniki kwa kosa la ini lao kufanya kazi yake.

"Hali ni ile ile"

Tangu Januari 2021, kiwango cha hudhurio la kliniki ya nje hakipimwi tena kwa urefu wa historia wala idadi ya viungo vilivyochunguzwa. Kinapimwa kwa uamuzi wa kitabibu au kwa muda. Uamuzi una nguzo tatu, yaani matatizo, taarifa zilizopitiwa na hatari, na mbili kati ya tatu zikifika kiwango, kiwango kimefikiwa.

Turudi kwa maneno kumi. Kuandika dawa ya kudhibitiwa ni hatari ya wastani. Lakini "hali ni ile ile" inafanya tatizo liwe moja, sugu, tulivu, na hilo ni la chini. Taarifa zilizopitiwa hazipo. Nguzo moja ya wastani haitoshi, hudhurio linashuka hadi 99213, msimbo wa hudhurio la kiwango cha chini. Kumbe utulivu katika kanuni hizi haumaanishi kutobadilika; unamaanisha lengo la matibabu limefikiwa. Mtu ambaye amekuwa na 7 kwa 10 mwaka mzima, na lengo lilikuwa 4, hajatulia hata kama namba haikusogea. Ukiandika lengo na kwamba halijafikiwa, tatizo linapanda kuwa la wastani, na 99214 inastahili kwa haki. Ukidai kwa muda, 99214 inataka dakika 30 za daktari mwenyewe siku hiyo hiyo, kuandika rekodi kukiwamo, bila dakika za muuguzi na bila dakika za sindano inayodaiwa kivyake.

Rekodi ya mgonjwa yule yule ingeweza kusomeka hivi (PEG ni wastani wa alama tatu: maumivu, kufurahia maisha na shughuli):

"Hudhurio la kudhibiti maumivu. Maumivu sugu ya kiuno yanayoshuka mguu wa kushoto hadi kidole gumba, kutokana na diski ya L4-L5 kubana neva ya L5, imeonekana kwenye MRI. Tiba ya viungo wiki 6, haikusaidia. PEG leo 7 (7, 6, 8), miezi mitatu iliyopita 6. Anakaa dakika 20, lengo saa 1, halijafikiwa. Oksikodoni mg 10 mara 4, MME 60, miezi 14, kama ilivyoelekezwa, hakuna dalili ya matumizi mabaya, naloksoni anayo. Choo kigumu kutokana na oksikodoni. Mpango: dozi isipande, dawa ya choo, sindano ya steroidi juma lijalo."

Dakika mbili za kuandika. Zinatoka G89.29, M51.16, Z79.891, K59.03, T40.2X5A, na kila msimbo una sentensi ya kuuonyeshea kidole. Adui wa rekodi kama hii ni kunakili ya mwezi uliopita. Mwezi wa tatu dakika 20 bado ni dakika 20, PEG bado ni 7, na "anatembea bila msaada" bado ipo siku mgonjwa alipoletwa na kiti cha magurudumu. Mkaguzi akikuta aya moja inayopingana na nyingine, anaacha kuziamini zote.

Msimbaji anapokwama kabisa, aulize, na aulize bila kumwekea daktari jibu mdomoni. "Naweza kuandika sugu?" ni swali baya. Lililo halali huweka mezani yaliyomo kwenye faili na kuacha mlango wazi: "Rekodi ya leo inataja maumivu ya kiuno, MRI iliyomo inaonyesha diski ya L4-L5 ikigusa neva ya kushoto, oksikodoni imeandikwa miezi 14. Tafadhali bainisha aina na chanzo cha maumivu yaliyotibiwa leo: mapya, sugu, mengine (taja), au haiwezekani kubainisha." Usisimbe kutoka kwenye MRI kabla hajajibu. Wala usisimbe "huenda ni", "inashukiwa" au "inaendana na", kwa sababu katika hudhurio la nje shaka haisimbwi, tofauti na mgonjwa aliyelazwa. Muda wa kujibu ukipita na swali likarudi tupu, toa M54.50 na ulifunge faili.